Kwa nini uliondoka?

Mwaka 2013 niliitwa kwenye usaili na kampuni moja ya mizigo hapa Dar. Ghorofa ya sita, kiyoyozi kikali kama friji la samaki, na mbele yangu watu watatu: mzungu mmoja kimya, kijana wa utumishi, na mama wa makamo aliyekuwa anaandika kila ninachosema. Nikaambiwa nieleze uzoefu wangu. Sentensi yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye pantoni asubuhi ile, midomo ikinicheza mpaka abiria wa jirani akadhani nasoma dua. Nikaitoa bila kukwama: "I worked in clearing and forwarding for six years."

Mama akaandika, akainua uso. "Why did you leave?"

Nikaduwaa. Kuondoka wapi? Asubuhi ile ile nilikuwa nimempigia bosi wangu simu nikamdanganya kwamba tumbo linaniuma, na funguo za kabati la nyaraka la ofisini kwake zilikuwa mfukoni mwangu, zinanichoma paja kila nikijisogeza kitini.

"I didn't leave," nikasema.

"But you said you worked there."

"Yes. I worked."

"Until when?"

"Until now."

Akatazamana na mzungu. Kijana wa utumishi akajifanya anatafuta karatasi. Sikuitwa tena. Siwezi kuapa kwamba sababu ilikuwa hiyo, huenda mtu wao alikuwepo tangu mwanzo, mambo ya usaili mnayajua. Lakini nilishuka ngazi zote zile nikiirudia sentensi yangu na sikuona kilipo kibaya. Ile "ed" ipo. "For" ipo. "Years" ina "s" yake. Hata leo mpe mwalimu yeyote wa Kiingereza aisahihishe, ataweka vema.

Na hapo ndipo penye balaa. Mtu akisema "he go to town yesterday", dunia nzima inamwelewa. Kosa linaonekana, msikilizaji analinyoosha mwenyewe kichwani na maisha yanaendelea. Lakini "I worked for six years" haina kosa la kuonekana, kwa hiyo msikilizaji anaichukua kama ilivyo. Nilikuwa nimemwambia yule mama, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba sina kazi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: miaka sita imeshapita, hairudi, basi ni wakati uliopita, weka "ed". Shuleni nyakati tulifundishwa kwa jedwali, uliopita, uliopo, ujao, na pembeni ule timilifu ambao mwalimu aliupitia mbiombio kengele ikikaribia kugongwa. "Go, went, gone" tulikariri kama kwaya, na waliokuwa na sauti walipata alama. Hakuna aliyetuambia kwamba Kiingereza, kabla hakijachagua kitenzi, kinaangalia kwanza neno la wakati: jana, tangu, kwa miaka sita, mpaka leo. Sisi tulichagua kitenzi, tukakimaliza, halafu neno la wakati tukalitupia mwishoni kama kachumbari.

Kwa Kiswahili kachumbari hiyo haiharibu chakula. "Nimefika." "Nimefika sasa hivi." "Nimefika jana." Zote zinapita. Najua wapo wa kusema lazima iwe "nilifika jana", na vitabuni wana haki yao, lakini simama kituo chochote cha daladala usikilize, au fungulia redio taarifa ya habari: fulani amefariki dunia jana, waziri amezindua mradi jana. Ile -me- yetu haina ugomvi na jana. Inachojali ni kwamba jambo limetimia na matokeo yake tunayo hapa. "Have" ya Kiingereza, ambayo ndiyo tuliyoambiwa ni -me-, ukiitajia jana inanyanyuka na kutoka chumbani. "I have arrived yesterday" hakuna, si London wala Chicago. Ni "I arrived yesterday", basi.

Halafu -me- ina kazi ya pili ambayo "have" haiijui kabisa. Amelala, amesimama, amekaa, amevaa, nimechoka. Hizo kwetu ni hali za sasa hivi. Ofisini kwetu mwezi mmoja wa Ramadhani, bosi kajinyoosha kwenye kochi baada ya adhuhuri, simu ya mteja wa nje ikaita. Mwenzangu akaipokea kwa heshima zote: "Sorry, the boss has slept." Mteja akajibu, "Good. Put him on, then." Kwa masikio yake bosi alikuwa ameshapata usingizi wake na sasa ni mzima wa afya, tayari kwa kazi. Alitakiwa aambiwe "is asleep". Ndivyo ilivyo pia kwa "he is wearing", "she is standing", "I am tired". Ukitafsiri -me- kila mahali kwa "have", utamsimulia mtu yaliyokwisha wakati wewe unazungumzia yaliyo mbele ya macho yako.

Mimi si mwalimu wa kusomea. Nimeendelea kutoa mizigo ya watu bandarini hadi leo. Ila tangu 2017, Jumanne na Alhamisi jioni, nakaa na watu wanane au tisa kwenye baraza la mama mwenye nyumba wangu huku Kigamboni tukihangaika na Kiingereza. Kuna dada wa mapokezi hotelini, vijana wawili wa bodaboda, mama anayeuza vitenge kwa wateja wa Lusaka, na fundi mafriji ambaye ndiye mbishi wa darasa na ndiye aliyetuletea ubao: mlango wa friji bovu. Markapeni inaandika vizuri juu yake na kufutika bila kuacha alama, bora kuliko ubao wowote niliowahi kusomea.

Wote tunavuka maji, kwa hiyo pantoni ndilo lililotutoa. Neno la wakati, niliwaambia, ni pantoni. Ukishalitamka jiulize: bado nimo ndani, au limeshaniacha? "Yesterday", "last year", "in 2016", "two hours ago", "when I was a child", hayo yameondoka, wewe umebaki Magogoni unayaangalia yakizidi kuwa madogo. Hapo ni "arrived", "worked", "saw", na "have" haipandi. "Since", "so far", "up to now", "this year", umo ndani na safari haijaisha. Hapo "have" inapanda.

Kijana wa boda akauliza vipi kuhusu asubuhi. Swali zuri, maana asubuhi ni pantoni linaloondoka huku unaliangalia. Saa nne asubuhi, umeshabeba abiria watano, unasema "I have carried five passengers this morning." Ukalala kidogo kijiweni, ukaamka saa tisa alasiri, hujabeba mwingine. Abiria ni walewale, hela ni ileile, ila sasa ni "I carried five passengers this morning." Asubuhi imeshavuka.

Akacheka. "Kwa hiyo mwalimu, nikilala naharibu sarufi."

Mwaka mmoja unaweza pia kubeba vitenzi viwili, inategemea nini kimekaa mbele yake. Daraja letu la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. "The bridge opened in 2016." Lakini "We have had a bridge since 2016." "In" inakufungia ndani ya mwaka ule na mlango unabanwa. "Since" inakuanzishia hapo na kukuleta mpaka leo. Mwaka wenyewe haujabadilika hata kidogo. Mwendokasi nao ulianza kubeba watu mwaka huo huo, kwa hiyo mfano huu nimeutumia mpaka wanafunzi wanaumalizia kabla sijafumbua mdomo.

Siku nyingine nikawapa zoezi la kuandika sentensi moja tu kuhusu Sanamu ya Askari pale Posta. Kila mtu wa Dar ameipita mara elfu, bunduki kaielekeza upande wa bandari. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kijana wa boda akaandika: "The Askari stood there since 1927." Nikaweka alama ya kuuliza. Fundi akamtetea.

"Mwalimu, si alisimama mwaka 1927? Alisimama ni 'stood'."

"Leo asubuhi ulipita Posta?"

"Nilipita."

"Alikuwepo?"

"Yupo, aende wapi?"

"Basi hajashuka. 'Has stood there since 1927.'"

Kisha nikawapa upande wa pili. Kabla ya askari huyu mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Huyo ni "stood", maana hayupo. Ukimwandikia "has stood" unamrudisha mjini.

Fundi akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe 'have' ni ya walio hai."

Alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Mzungu akisema "My grandfather has been to Zanzibar three times", msikilizaji anajua babu yupo na huenda akaenda mara ya nne. Kama babu alishafariki, ni "went to Zanzibar three times". Hakuna aliyetaja kifo, kitenzi kimekitaja. Mama wa vitenge akauliza, akitaka kuandika kwamba mumewe alisafiri mpaka Lusaka mara nyingi, atumie ipi. Nikamwambia "went". Akaandika "went", akapiga mstari chini yake kwa rula.

Sasa nije kwenye neno linalotutesa kuliko yote: "iliyopita". Kwetu ni moja, kwao ni matatu. "Wiki iliyopita" ni "last week". "Miaka mitatu iliyopita nilianza biashara" ni "three years ago". "Miaka mitatu iliyopita bei zimepanda sana" ni "in the last three years". Tazama vizuri hizo mbili za mwisho. Kwa Kiswahili maneno ni yaleyale, "miaka mitatu iliyopita", na tunajua kwa muktadha kama mtu anazungumzia nukta moja ya nyuma au kipindi chote tangu hapo mpaka leo. Mwenye kutaka uhakika ataongeza "katika" au "kwa", lakini wangapi tunaongeza?

Mama wa vitenge lilimpata. Alitaka kumweleza mteja wake wa Lusaka kwa nini doti imepanda bei. Akamwandikia: "Prices rose three years ago, so I must add a little." Mteja akamjibu kwa mshangao, kwamba kama bei zilipanda miaka mitatu nyuma, mbona mwaka jana alimuuzia kwa bei ya chini, na mbona anamwongezea leo kwa jambo la zamani? Wakavutana siku mbili. Alichotaka kusema ni "Prices have risen a lot in the last three years", zilianza kupanda wakati ule na hazijakoma. Na angalieni, sentensi yake nayo haikuwa na kosa. "Prices rose three years ago" ni Kiingereza cha kuweka kwenye gazeti. Ni ugonjwa uleule wa usaili wangu.

Yale ya "since three years" sitakaa nayo sana, maana angalau hayadanganyi mtu. "Since" inataka mahali pa kuanzia: Jumatatu, 2016, nilipozaliwa. "For" inataka urefu: siku tatu, miaka sita. "Ago" inapenda kukaa peke yake na kitenzi cha wakati uliopita, usiichanganye na "since" wala "have". Mwenye kuandika "I have started since three years ago" amewapandisha abiria watatu kwenye boda moja.

Kinachonisumbua zaidi ni sasa hivi yetu ya -na-. "Naishi Kigamboni tangu 2009." Kitenzi ni cha sasa, na akili inakubali: si naishi kweli? Wafaransa na Wajerumani nao kwa lugha zao husema hivyohivyo, kwa kitenzi cha sasa, kwa hiyo tukiandika "I am living in Kigamboni since 2009" tuna wenzetu wengi duniani. Kiingereza ndicho kilichojitenga. Chenyewe kinataka "I have lived" au "I have been living", kwa kuwa kinaihesabu ile miaka yote ya nyuma pamoja na leo.

Dada wa mapokezi ana kisa chake hapa, na nakipenda kwa sababu kilitokea kwenye mazungumzo ya kawaida kabisa. Mgeni alikuwa ameshakaa siku kadhaa, wamezoeana, wanapiga soga kaunta. Dada akataka kumuuliza ana muda gani Dar, yaani amefika lini. Akauliza, "How long are you here?" Mgeni akasema, "Until Sunday." Dada akadhani hakusikika, akarudia pole pole: "No, how long are you here?" Mgeni akaanza kuingiwa na wasiwasi, akauliza kama chumba chake kinahitajika mapema. Ikabidi meneja aje. Swali la dada kwa Kiingereza linaangalia mbele: utakuwa hapa kwa muda gani. La kuangalia nyuma ni "How long have you been here?" Alitofautiana na mgeni wake kwa "have been" tu, na mgeni akadhani anafukuzwa.

Tukiwa bado hotelini, yupo mhudumu mwingine aliyeaga meza ya wageni kwa "I'm coming" akaondoka kuelekea jikoni. Watu wa Dar wote tunaaga hivyo, "nakuja", na mgongo tayari tumeugeuza. Wageni walibaki wanatazamana. Hiyo si nyakati hasa, ni adabu yetu iliyovaa Kiingereza, lakini nimeshindwa kuiacha.

Turudi. Wakati ujao una mtego mmoja na unatokana na uzuri wa Kiswahili chetu. Tunasema "nitakapofika nitakupigia". Zihesabu -ta-: moja ndani ya "nitakapofika", moja ndani ya "nitakupigia". Tumepanga mambo mawili ya mbele na yote tumeyapa alama ya mbele, haki bin haki. Kiingereza kinatoa alama moja tu kwa sentensi nzima. "When I arrive, I will call you." Ukiweka "when I will arrive" umelipa nauli mara mbili. Baada ya "when", "before", "after", "until", "as soon as" zinazozungumzia jambo lijalo, kitenzi kinabaki cha sasa ingawa jambo ni la kesho. Anayetafuta njia ya kukumbuka asiifuate "nitakapofika", aifuate "nikifika". "Nikifika nitakupigia" ina -ta- moja, kama ya kwao.

Na "kabla"! Hii nilikaa miaka bila kuiona. Sisi tunasema "kabla sijala", "kabla hajafika", "kabla mvua haijanyesha". Kuna ukanushi ndani, na una maana: wakati ule mvua ilikuwa bado. Kiingereza hakiuhitaji, "before" yenyewe imeshabeba ule ubado. Ukiandika "Close the windows before the rain has not come", msomaji anasimama kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Before the rain comes." Nimewahi kuona barua ya ofisi, ina muhuri na saini, inayowataka wateja walipe "before the goods have not been released". Wateja walilipa. Sijui walielewaje.

"Bado" peke yake ingestahili jioni nzima. Umekula? Bado: "not yet". Bado anakula: "he is still eating". Bado dakika kumi: "ten minutes left". Neno moja, na kila safari Kiingereza kinataka mavazi mengine. Wanafunzi wangu wakiulizwa "Have you eaten?" hujibu "Still." Nimejaribu kuwakataza, nimeshindwa, na siku hizi nyumbani kwangu watoto nao wanajibu "Still."

Hadithi nazo zina -ka- yake. "Nilienda feri, nikanunua samaki, nikarudi." Ile -li- ya mwanzo inatosha, vingine vinafuata mkia. Kwa Kiingereza kila kitenzi kinalipa nauli yake: went, bought, came back. Ukiandika "I went to the market and buy fish" umeacha samaki nje ya jana.

Saa sizisemi, kila mtu ana kisa chake cha mkutano wa saa nne uliofanyika saa kumi. Ila usiku ndio ulionigharimu. Lori la mteja lilitoka Dar usiku wa kuamkia Ijumaa. Nikaandika "The truck left on Friday night." Mteja alikuwa na mtambo wa kufuatilia gari kwenye simu yake, na ulimwonyesha kwamba Ijumaa mchana lori liko Mikumi. Akaniuliza kwa upole kama tuna malori mawili yenye namba moja. Usiku wetu ni wa siku inayokuja, wao usiku ni mali ya siku iliyokwisha: "Thursday night". Na mimi huyo huyo ndiye wa lugha yenye Jumatano na Alhamisi, siku mbili zinazofuatana na majina yote mawili yana tano ndani, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiarabu. Mtu aliyelelewa na kalenda hiyo tumsamehe kidogo.

Wapo wanaoniambia nawasumbua watu. Kiingereza si chetu, wanasema, ilimradi tunaelewana. Kwa "he go" nakubaliana nao, na wanafunzi wangu wanajua kwamba sishtuki. Wamarekani wenyewe husema "Did you eat yet?" mahali Mwingereza anaposema "Have you eaten yet?" na hakuna aliyepata homa. Lakini mwenye sivii mkononi simwachii. Namfunika kitenzi kwa karatasi, namwacha atazame neno la wakati peke yake, 2019 mpaka leo, miaka minne, tangu nimalize chuo, na namwuliza kama bado yumo ndani. Akishajibu ndipo ninaondoa karatasi. Kijana mmoja wa boda alipokwenda kuomba udereva kwenye ubalozi fulani aliandika "I have driven in Dar es Salaam for seven years without an accident." Angeandika "drove" wangemuuliza nini kilitokea mwaka wa nane.

Mimi mwenyewe sijapona. Juzi Jumatatu nilimwandikia mteja: "I will inform you when the vessel will berth." Nilishabonyeza kutuma ndipo nikaliona lile "will" la pili limekaa pale linanitazama, mimi niliyechora pantoni kwenye mlango wa friji. Nikataka kumwandikia tena nisahihishe, nikaona aibu itakuwa mbili. Meli ilikuwa nje inangoja zamu. Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi ikafunga gati. Nilipopata nafasi ya kukaa mezani ilikuwa saa nane mchana, kwa hiyo nikaandika "The vessel berthed at 9.30 this morning."

Akajibu "Thanks."